Ubishi wa Kanda Saba

Nimesimamia londri ya hoteli miaka kumi na minane, na katika miaka hiyo nimewaona wanaume wakigombana kwa sababu za kila namna: mwanamke, zamu, kipande cha samaki, hata kiti cha kukalia wakati wa chai. Lakini ugomvi wa kipumbavu kuliko yote ulikuwa wa Tobias na Mwero. Hao waligombana miezi na miezi juu ya albamu ipi iliyo bora kati ya albamu saba za bendi moja ya Waingereza, bendi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyepata kuiona kwa macho.

Hoteli yetu ilikuwa Galu, ukishaipita Diani. Tobias alikuja mwaka wa 1995 kutoka Mumias, akaajiriwa baa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kunyoa ndevu kila asubuhi hata siku ya mapumziko, na dharau alikuwa nayo kama wengine walivyo na mafua ya kudumu. Kundi lililowapigia wageni muziki kando ya bwawa aliliita ombaomba wenye gitaa. Rumba ya Kikongo, alisema, ni muziki wa watu wasio na kazi asubuhi. Taarabu kwake ilikuwa majirani wanaotukanana kwa fidla. Mimi ni Mtaita, naimba kwaya kanisani, nikamwuliza basi kwaya je. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama Rose, hapo sitaki kukuumiza."

Muziki aliokubali kuwa ni muziki ulikuwa mmoja tu, roki nzito ya bendi iliyoitwa Black Quarry. Sisi wa londri tuliiita Machimbo, kwa kuwa jina lenyewe maana yake ni hiyo, na kwa kuwa sauti zake zilifanana na mawe yanayomwagwa kutoka kwenye lori. Walikuwa Waingereza watano wenye nywele za mgongoni, waliovuma miaka ya sabini kisha wakasambaratika. Mzee mmoja wa Kiskoti, alipomaliza likizo yake, alimwachia Tobias kanda zao zote saba ndani ya kisanduku cha mbao. Majina ya albamu yalikuwa marefu ya Kizungu, nasi tukaziita kwa picha za juu: Treni, Mlango, Kunguru, Bibi Harusi, Daraja, Mishumaa na Punda.

Tatizo la Tobias lilikuwa kwamba redio yake ilitafuna kanda. Redio nzima pekee iliyokuwa karibu ilikuwa ya Mwero, pale londri.

Mwero alikuwa mpigaji pasi wangu. Mduruma wa Samburu, ile ya barabara ya Nairobi, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye mke na watoto wawili huko nyumbani. Alikuwa mpole, wa maneno machache, na shati lililopita mkononi mwake mgeni alilivaa akidhani ni jipya. Tobias akawa anakuja kila saa tisa, baa ikiwa haijachangamka, anaweka kanda na kumfundisha. Mwero anapiga pasi, Tobias anahutubia.

"Sikiliza hapa. Gitaa linaingia, unasikia? Hapa ndipo dunia ilibadilika. Hii ni Kunguru, na juu ya Kunguru hakuna kitu. Ya pili ni Treni. Ya tatu Mlango. Bibi Harusi inafuata, ukiwa mgonjwa. Daraja na Mishumaa ni za watoto wa shule."

"Na hii ya Punda?" Mwero aliuliza siku ya kwanza.

"Hiyo usiiguse. Mwimbaji alikuwa ameshaondoka, wakamweka mpiga dramu aimbe. Mpiga dramu, maze. Ni kama mtu amwondoe mpishi jikoni amweke askari wa getini."

Basi Mwero hakuigusa. Miaka miwili alisikiliza alichoambiwa asikilize, akakubali alichoambiwa akubali. Nami nikajiambia, hawa ni marafiki, japo mmoja wao hajui kuwa rafiki bila kusimama juu ya kiti.

Agosti ya 1997 vita vikazuka Likoni. Sitaeleza yale, aliyekuwa pwani mwaka ule anajua, na asiyekuwa huko amesoma. Watu wa bara waliandikiwa vikaratasi waondoke, nyumba zikachomwa, na kila siku tulisikia jina la mtu tuliyemjua. Tobias alikuwa amepanga chumba Ukunda. Aliondoka alfajiri na nguo za mwilini, akavuka kwenda Mombasa kwa njia ambayo mpaka leo hajaisimulia, akaishia kulala katika uwanja wa kanisa pamoja na mamia ya wengine. Mizigo yake ilibaki kwetu, kwa kuwa siku mbili kabla alikuwa ameileta londri kwa hofu ya wezi: kisanduku cha kanda, na mfuko wenye vyeti vyake vya shule na vya chuo cha hoteli.

Mimi nilibaki, kwa kuwa Mtaita alihesabiwa mtu wa pwani. Mwero pia alibaki. Wageni wakakimbia kwa ndege zilizoletwa kuwachukua, na ndani ya majuma mawili hoteli ya vyumba mia na ishirini ikawa na watu kumi na mmoja, wote wafanyakazi. Mwero akafanya kazi ya watu sita. Asubuhi alifagia bwawa, mchana alikuwa mtunza bustani, jioni mlinzi, na katikati alipiga pasi mashuka ambayo hakuna aliyeyalalia, kwa sababu meneja wetu, Bi Cynthia, aliamini kwamba hoteli isiyo na mashuka safi imekufa kweli.

Katika juma la pili Salimu, dereva wetu, alileta ujumbe kutoka Mombasa. Tobias alimwomba Mwero ampelekee mfuko wa vyeti. Kulikuwa na hoteli moja Nakuru iliyokuwa inaajiri, lakini ilitaka vyeti mkononi kabla ya Jumatatu. Salimu mwenyewe alikuwa amekatazwa na Bi Cynthia kuvuka tena.

Mwero aliondoka Ijumaa saa mbili asubuhi na mfuko begani. Alirudi saa sita mchana na mfuko begani. Mimi nilikuwa naanika mapazia, nikamwona akiingia. Aliuweka mfuko juu ya kabati, akanawa uso, akawasha pasi. Alasiri ile ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza akiweka kanda ya Punda.

Mfuko ulifika Mombasa majuma matatu baadaye, Salimu aliporuhusiwa kuvuka. Tobias alikuwa ameshapanda basi la kwenda kwao, na kazi ya Nakuru ilikuwa ya mtu mwingine.

Alirudi kwetu Aprili ya 1998, mvua za El Niño zikiwa zimemaliza kuharibu kile ambacho vita vilisahau. Alikuwa amekonda zaidi. Aliwasalimu watu wote getini, akanipa mkono, akaingia londri, na pale akasimama. Mwero alikuwa anapiga pasi huku redio ikiimba. Ilikuwa Punda, ile sauti ya mpiga dramu, nzito, isiyofika pale inapotaka kufika.

"Karibu, ndugu yangu," Mwero alisema akiacha pasi. "Tumekuombea sana."

"Nani alikupa ruhusa ya kucheza hii?"

"Niliizoea. Kulikuwa kimya sana hapa."

"Kanda zangu nzuri sita, nawe ukachagua jalala."

"Mimi naiona ndiyo bora," Mwero alisema. Alilisema polepole, kama mtu anayeweka sahani mezani. "Nimezisikiliza zote, Bwana Tobias, moja baada ya nyingine, miezi minane. Punda ni ya kwanza. Kunguru ni ya nne."

Nadhani kama angemwambia nimemwoa dada yako bila mahari, Tobias angechukua vizuri zaidi.

Tangu siku ile hapakuwa na amani. Saa tisa ikifika Tobias anakuja, si kusikiliza, ni kudharau. Alisema masikio ya Mwero yameharibiwa na mvuke wa pasi. Alisema mtu aliyekulia Samburu akisikia milio ya malori na mbuzi, ni haki yake kumpenda punda. Mwero naye, ambaye miaka miwili alikuwa mwanafunzi mtiifu, alikuwa amejifunza kudharau kwa mwalimu mzuri. Alisema Kunguru ni dakika kumi na moja za mtu anayejikuna na gitaa. Alisema mwimbaji wa kwanza anaimba kama mgeni anayelalamika kuwa maji ya kuoga ni baridi. Akachukua chaki akaandika nyuma ya mlango wa londri mpangilio wake, kutoka Punda mpaka Treni. Kesho yake tukakuta umefutwa na kuandikwa mwingine. Ukafutwa tena. Mlango wangu ukawa mweupe kama uso wa mwari aliyepakwa unga.

Nilijua kwamba hapakuwa na muziki katika ugomvi ule. Tobias hakuwahi kuuliza habari za mfuko. Alizunguka tu pembeni yake. "Watu wengine walikuwa wamelala kwenye nyasi," alisema siku moja, akimtazama Mwero kwenye kioo cha dirisha, "na wengine walikuwa na redio."

Nilimvuta Mwero kando. "Mwambie ulijaribu kwenda."

"Nimwambie nini, Dada Rose? Kwamba nilifika Ukunda nikaogopa? Heri aniite sina masikio."

Nikawaacha. Nilikuwa na mashuka.

Mwezi wa saba wageni walianza kurudi mmoja mmoja. Miongoni mwao alikuwa Mwingereza mmoja aliyeitwa Bwana Norris, mwalimu mstaafu, mwenye miwani iliyofungwa kamba na kofia ya majani aliyoinunua Diani na kuamini ilikuwa ya kiasili. Kila mchana alikaa kaunta ya baa, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumsikiliza. Siku ya Jumatano mimi na Mwero tulikuwa tunapeleka taulo za bwawa, ambazo hupitishwa nyuma ya baa, na Tobias alikuwa ameweka Kunguru kwa sauti ya chini. Bi Cynthia alimruhusu, mradi mgeni asilalamike.

Bwana Norris aliinua kichwa. Waliongea Kiingereza, lakini nilielewa kila neno, na kwa Kiswahili yalikuwa hivi.

"Si Black Quarry hao? Mungu wangu. Nani alikuletea uchafu huu mpaka huku?"

Tobias alitabasamu tabasamu la kazi. "Wengine tunaipenda, bwana."

"Mnaipenda." Mzee akacheka mpaka akavua miwani. "Huko kwetu hata walioipenda wanakanusha. Makelele tu. Albamu ya kwanza niliivumilia kwa kuwa nilikuwa mlevi. Hii ya kunguru nilimpa mpwa wangu, akairudisha. Na ile ya mwisho, ile yenye punda, ambayo mpiga ngoma anajaribu kuimba? Niliisikiliza upande mmoja nikaitupa dirishani. Maskini yule mtu. Hakukuwa na wa kumwambia anyamaze?"

Mwero alikuwa amesimama na taulo mpaka kidevuni. Kiingereza chake si kingi, lakini kilitosha. Nilimwona amejikunja usoni kama mtu aliyetukaniwa mzazi wake mbele za watu, na hana ruhusa ya kujibu kwa sababu amevaa sare.

Tobias alizima redio. Alifuta kaunta mahali palipokuwa pamekwisha kufutwa.

"Upande mmoja, bwana?"

"Upande mmoja ulitosha."

"Basi hukuisikiliza. Wimbo ambao yule mtu anaimba peke yake uko upande wa pili." Sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. "Mwimbaji wao alikuwa ameondoka, bwana. Kampuni ilikuwa imewatupa. Yule mpiga dramu hajui kuimba, na anajua kwamba hajui, na bado anaimba mpaka mwisho bila kujificha. Mtu asiyelisikia hilo hana masikio. Ana matundu mawili tu ya kushikia miwani."

Bwana Norris aliacha kucheka. Aliteremka kwenye kiti chake kirefu, jambo lililochukua muda, akaenda moja kwa moja ofisini na kofia yake ya kiasili.

Bi Cynthia hakuwa mwanamke wa kupiga kelele. Aliwaita Tobias na mimi, kwa kuwa nilikuwa shahidi.

"Mgeni anasema umemwambia hana masikio."

"Ndiyo, madam. Nikasema ana matundu."

"Tuna wageni tisa, Tobias. Hoteli nzima. Tisa. Nawe umemchagua mmoja umtukane kwa ajili ya kanda?"

"Yeye ndiye alianza kuitukana."

Bi Cynthia alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa Tobias. Kisha akaandika barua ya onyo, na akamwondoa baa kwa mwezi mmoja, akamtuma londri apige pasi.

Hivyo ndivyo Tobias alivyokuja kusimama kwenye meza ya pili, hatua tatu kutoka kwa Mwero, akiikokota pasi juu ya foronya kama mtu anayelima shamba la mawe. Asubuhi ya kwanza alitia makunyanzi mapya mahali ambapo hayakuwepo. Mwero alivumilia mpaka saa nne, kisha akaja akamgeuzia kitambaa, akamwonyesha aanze na pindo. Tobias akaacha aonyeshwe.

"Asante kwa jana," Mwero alisema.

"Usijidanganye. Ile kanda ni takataka. Lakini yeye kasikiliza upande mmoja tu. Mimi nimeisikiliza yote labda mara arobaini, nikiichukia kila mara. Ana haki gani?"

Mwero alirudi kwenye meza yake. Alishika pasi, akaiweka tena chini, akaizima. Nikajua sasa litatoka, nami nikajifanya nahesabu taulo.

"Ule mfuko wako," alisema. "Ujumbe niliupata. Ijumaa ile niliondoka nao. Nilifika Ukunda, nikakuta gari moja tu linalokwenda feri, na watu waliotoka upande ule wamekaa chini ukutani. Mmoja alikuwa na damu kwenye shati, na hakuwa anaonyesha kwamba anajua. Nilipaswa kupanda. Kondakta aliniuliza mara mbili. Nikarudi kwa miguu mpaka hapa."

Tobias hakuinua kichwa. "Ulirudi."

"Nilirudi. Wewe ukakosa kazi. Nimekuwa nikikupinga mambo ya gitaa kwa sababu hilo nililiweza. Hili sikuliweza."

Mashuka yalikuwa yakizunguka ndani ya mashine. Tobias alikunja foronya ile, mara mbili, mara nne, vibaya. Nilitegemea matusi. Niliyangoja hata, ili yaishe.

"Mimi nilidhani hukutoka kabisa," alisema mwishowe. "Mwaka mzima nimekuona umekaa hapa na redio, miguu juu, unaangalia mfuko wangu. Nikiwa kule uwanjani nilikuona hivyo kila siku." Aliikunjua ile foronya. "Kumbe ulifika Ukunda. Mjinga wewe. Mimi ningeogopea hapo getini."

"Usiseme hivyo kunifurahisha."

"Umewahi kuniona nikimfurahisha mtu?"

Mwero alifikiri. "Hapana."

"Basi washa pasi."

Hawakukumbatiana, wala sikuona chozi. Mwezi ule wote walifanya kazi meza kwa meza, wakitupiana maneno makali kuhusu mpiga besi wa albamu ya tano, ambaye Tobias alisema ni mpumbavu na Mwero akasema ni mpumbavu zaidi ya hapo. Hilo ndilo jambo la kwanza nililowasikia wakikubaliana. Tobias aliunguza mashati matatu, moja la Bwana Norris, na mpaka leo sijui kama lile lilikuwa bahati mbaya.

Alirudi baa, akakaa mpaka Februari ya 1999, kisha akapata kazi Naivasha. Safari hii vyeti alivibeba mwenyewe. Aliondoka bila hotuba, mkono tu, na kisanduku chake kwapani.

Barua yake ilifika Mei, juu imeandikwa jina la Mwero, kupitia londri. Ilikuwa kurasa tatu. Mwero aliniomba nimsikilize akiisoma. Hapakuwa na salamu, hapakuwa na kuuliza hali ya mke wala watoto, hapakuwa na neno juu ya kazi mpya. Tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho ilikuwa ni kuhusu Daraja: kwamba ameisikiliza upya, kwamba sisi sote tuliikosea, kwamba inapaswa kupanda mpaka nafasi ya pili, na kwamba anajua Mwero hatalielewa hili lakini anamwandikia kwa kuwa huko Naivasha hakuna hata mtu wa kumdharau.

Mwero aliikunja kwa mikunjo minne sawasawa, jinsi anavyokunja leso za mezani.

"Daraja," alisema. "Nafasi ya pili. Huyu mtu hajui kitu kabisa."

Akavuta kiti, akaniomba kalamu na karatasi.